Majani Niliyoyapeleka Bwera

Majani niliyoyapeleka Bwera kama zawadi ya harusi ndiyo yaliyounguza malisho ya wakwe zetu. Walikuwa wameyatunza malisho hayo tangu mvua zilipokatika, hata mbuzi hawakumruhusu kuingia, ili ng'ombe wapate cha kula kiangazi kikizidi. Yaliungua mchana kweupe, harusi ikiwa bado mbichi, nami nimesimama pale pale na tawi la kuzimia moto mkononi.

Tangu nirudi Bukoba mmekuja mmoja mmoja kuniuliza harusi ilikuwaje. Wa kwanza nilimweleza chakula, wa pili nguo, wa tatu barabara. Mwajuma, mdogo wangu, peke yake ndiye niliyemwambia yote, kwa sababu bibi harusi ni mwanawe. Sasa nawaandikia ninyi wengine kwa mpangilio, ili nisilazimike kuyatamka tena.

Bukoba hadi Masaka

Mnajua kwamba kwetu mama hamsindikizi binti yake ukweni. Hutuma dada yake. Kwa hiyo safari ilikuwa yangu, na heshima niliyobeba ilikuwa ya Mwajuma. Rehema alikutana na Yusufu huko Mbarara alipokuwa akiuza vitenge. Yusufu ana lori, na mama yake, ambaye wote humwita Hajati, ana ng'ombe kwenye tambarare chini ya Bwera, karibu na mpaka wa Uganda na Congo, upande wa Nyakiyumbu.

Mwajuma alinipa kahawa ya kutafuna, mikeka miwili na maneno mengi. "Usiende ukakaa kimya kama uko kwenye mkutano," aliniambia. "Nimeshakwambia, wewe huwa unatazama watu tu. Fanya kitu. Wajue tuna desturi."

Maneno hayo niliyatafuna pamoja na kahawa mpaka Mutukula mpakani, na nikaendelea kuyatafuna Masaka, tulikolala kwa sababu basi la kuunganisha lilikuwa limeondoka na abiria wa jana yake. Nilikula ndizi kwa karanga. Mezani kwetu kulikuwa na mzee aliyedai kwamba mvua imekataa kuja kwa sababu vijana wameacha kusalimia. Hakuna aliyembishia, joto lilikuwa limetuchosha.

Masaka hadi Kasese

Tulipopita Lyantonde basi liliacha kuvuta. Utingo akaingia chini ya gari, akatoka, akaingia tena, kisha akatuambia tushuke tunyooshe miguu. Nikajua tutakaa.

Pande zote nchi ilikuwa imekauka. Ng'ombe walisimama kwenye vumbi wakilamba ardhi. Lakini kilima kimoja kando ya barabara kilikuwa kimejaa majani marefu, mashina makubwa makubwa, mengine bado na ubichi chini, juu yana masuke kama manyoya. Upepo ulipovuma kikanukia kama ndimu. Nilipanda kidogo nione.

"Wewe mama! Simama hapo!" Sauti ilitoka nyuma yangu. Alikuwa mchungaji wa makamo, amevaa koti kuukuu la jeshi. "Hapo iko nyoka. Zunguka kushoto. Haya, kuja."

Nilizunguka kushoto. Nikamsalimia, nikamuuliza majani yale yanaitwaje.

"Hii? Mutete."

"Ni ya nani?"

"Ya Mungu. Mimi siitaki."

"Naweza kukata kidogo?"

Alicheka mpaka akaegemea fimbo. "Kidogo? Mama, kata yote. Beba, peleka Tanzania, peleka Congo. Kama gari yenu itapona, beba na hii mlima."

"Ng'ombe wako hawatayataka?"

"Ngombe akikula hii, mimi nitamuita afande. Anakula ile changa tu, ile inatoka baada ya moto. Ikikuwa mkubwa namna hii, anapita kando kama hamuoni."

Nikauliza mbona yamekuwa mengi hivyo. Mtu aliyezoea kukusanya habari huuliza hata asipohitaji jibu; mimi niliifanya kazi hiyo miaka mingi kwenye redio yetu ndogo. Akajibu bila kusita: "Jua ilikuwa kali, tukachoma tupate changa. Ngombe ikamaliza ile majani nzuri mpaka mizizi yake ikakufa. Hii ikarudi. Mwaka ingine tukachoma tena. Hii ikarudi na ndugu zake."

Nililiona jibu zuri. Ningekuwa bado kazini ningelirekodi. Nililishika neno kwa neno, kama mnavyoona, na wala sikulihusisha na majani niliyokuwa nimeanza kuyakata.

Kwetu, nyumba ya harusi isiyotandikwa majani mapya sakafuni ni kama mtu aliyetoka bila kunawa uso. Hilo halihitaji kuelezwa Bukoba. Nilichokuwa nacho kichwani ni chumba cha Rehema kikinukia ndimu, na wanawake wa Bwera wakiulizana nani aliyeleta. Mchungaji alinikopesha panga, akanisaidia hata kufunga. Nilichagua yaliyokomaa, yenye masuke mengi, kwa sababu ndiyo yaliyopendeza. Tukafunga mafungu manne manene. Utingo aliyapandisha juu ya basi akinung'unika kwamba hajawahi kumwona mtu akisafirisha pori kwenda mjini.

Basi lilipona jioni. Tukafika Kasese gizani.

Kasese

Nililala mtaa wa Nyamwamba kwa Mama Zubeda, mjane anayepangisha vyumba, jamaa ya wakwe zetu. Alinipa samaki wa ziwani na bundu, ule ugali wao wa muhogo, laini na wa kunata, ambao mgeni hujifunza kuumeza kwa kuwatazama wenyeji. Mabomba yalikuwa makavu mtaa mzima. Nililisikia hilo likisemwa mezani.

Kabla ya kulala nikaona mafungu yangu yameanza kukunjamana. Mlangoni kulikuwa na dumu la maji. Nikayanyunyizia viganja viwili vya maji, kisha viwili vingine, kisha nikaliinua dumu lenyewe.

"Mama, unafanya nini?" Mama Zubeda alikuwa amesimama na taa.

"Nanyunyizia majani yasikauke. Ni ya bibi harusi."

"Hiyo maji ni ya watu kuoga asubuhi." Hakupandisha sauti. "Kwa nyumba yangu mtu anaoga na kikombe mbili. Majani yako imekunywa dumu."

Nikamwambia nitachota mengine.

"Utachota wapi? Mto imebaki mawe. Lala tu, mama, umechoka."

Asubuhi nilikuta kikombe kimoja cha maji nje ya mlango wangu, kimefunikwa kisahani. Wapangaji walipita wakinisalimia kwa adabu, nyuso kavu. Nilinawa kwa nusu, nikarudisha nusu iliyobaki.

Kasese hadi Bwera

Yusufu alimtuma dereva wake, Siraje, anichukue na lori. Lakini kwanza ilibidi twende Rukoki kupakia maharage, na maharage hayakuwa yamefungwa, na mwenye maharage alikuwa msikitini. Tulingoja chini ya turubai. Siraje aliyatazama mafungu yangu kwa muda mrefu.

"Mama, hii majani inalipa nauli ama inapanda bure?"

"Ni zawadi."

"Zawadi ya ngombe?"

"Ya bibi harusi."

"Eh! Na Yusufu ametoa mahari ya nguvu, sasa bibi yake mnamuletea nyasi?" Akacheka, kisha akaona sijacheka, akasema, "Pole mama. Kila mutu na kwao."

Pale tukampata mwenzetu wa tatu, Masika, mfanyabiashara Mkatoliki wa Butembo aliyekuwa akirudi Congo kupitia Mpondwe. Aliingia na rozari shingoni na kikapu cha vitunguu, akavuta pumzi.

"Mama, weye unabebea batu majani? Miye nilizani ni sombe, majani ya muhogo ya kupika. Nilishaanza kusikia njaa."

"Ni ya kutandika chini."

"Chini? Kwetu chini tunatandikaka mukeka." Lakini alinisogelea, tukawa marafiki. Fungu moja lilikaa miguuni petu, na mbegu zake ndogo zenye ncha zilikuwa zimemwingia kwenye kitenge. Njia nzima alizichomoa moja moja akizitupa dirishani, huku akinisimulia jinsi watu wa kwao wanavyokimbia mashamba, wengine wakichunga ng'ombe wa watu upande huu ili wapate kula. Nilimsikiliza kwa makini. Nje, baadhi ya maeneo yalikuwa meusi kwa moto, mengine meupe kwa ukame. Mbegu zilidondoka kote.

Kwenye kizuizi askari alitaka mafungu yashushwe.

"Afande, ni majani tu," Siraje alisema.

"Nimeona ni majani. Ndani iko nini?"

"Majani."

"Na ndani ya hiyo majani?"

"Afande, iko majani mpaka mwisho."

Askari akalitikisa fungu kwa nguvu, masuke yakamrukia kwenye buti na suruali. Akajikung'uta, akatuamuru: "Beba hiyo takataka. Haraka." Masika alicheka mpaka akalia. Nami nilicheka.

Bwera

Nyumba ya Hajati haiko mjini. Iko chini, ambapo mlima unaisha na tambarare inaanza. Nyuma yake kuna migomba michache, kisha zizi, kisha uzio wa miti, na ng'ambo ya uzio ndiyo yale malisho: majani mafupi yaliyokauka yakiwa yamesimama, rangi ya mkate. Sikuwa nimeona kitu kama hicho njia nzima tangu Mutukula. Nilimsifia. Hajati akasema, "Hayo ndiyo chakula yetu mpaka mvua."

Mafungu yaliposhushwa wanawake wote walirudi nyuma hatua moja. Hajati, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, akavunja suke moja, akalifikicha, akanusa.

"Umetoka na hii mbali, mkwe wangu."

"Njia ya Mbarara."

"Najua inatoka wapi."

Akatazama mikono yangu iliyochanika kwa kukata. Kisha akawageukia wenzake: "Itatandikwa kwa chumba ya bibi harusi peke yake. Isitoke nje."

Usiku ule nilimpigia Mwajuma, nikamwambia kwamba wameyapokea kwa heshima, wameyatenga kwa chumba cha mwanetu tu. Mwajuma alipiga kigelegele simuni.

Harusi ilikuwa nzuri. Pilau lilitosha, kasida zilisomwa, Rehema alikaa juu ya majani yangu, mikono ina hina, akinukia ndimu na udi. Jambo moja nililoliona ni kwamba mlangoni mwa chumba kile palikaa mwanamke mwenye brashi, na kila aliyetoka alikung'utwa pindo la nguo mpaka chini, na viatu pia. Nilidhani ni desturi ya kule ya kumuaga mgeni. Zamu yangu ilipofika niliinua gauni kidogo, nikasema ahsante, nikaona ni jambo la kupendeza la kuwasimulia.

Siku iliyofuata karamu niliamka kabla ya wenyeji. Mnanijua, siwezi kukaa katika nyumba ya watu iliyochafuka. Chumba kilikuwa wazi, maharusi walikuwa wamehamishiwa nyumba yao ya nyuma. Nikafagia majani yote nikayatoa nje. Kwetu majani yaliyotandikwa hayatupwi, huenda kwenye migomba. Nikafunika mashina ya migomba ya Hajati, nikapanga vizuri. Yaliyobaki nikayatandaza kando ya uzio wa malisho, mahali ambapo udongo ulikuwa mtupu, niufunike dhidi ya jua. Nilipomaliza nilisimama kuitazama kazi yangu, nikaridhika.

Kambale, Mkongo anayechunga ng'ombe wa pale, alitoka zizini na ndoo ya maziwa. Akaiweka chini.

"Mama! Weye unafanya nini? Hajati alisema isitoke inje!"

Hajati alikuja bila kufunga ushungi vizuri. Alitazama migomba, akatazama uzio. Kisha akakaa juu ya gogo, akaniita nikae naye.

"Mkwe wangu, mimi nilizaliwa upande ile umetoka na hii majani," alisema. "Baba yangu alikuwa na ngombe mingi. Kila kiangazi tulichoma, tupate changa. Mvua ikichelewa, ngombe inakula ile changa nzuri mpaka mizizi inakufa. Mutete inabaki. Mwisho tulikuwa na mlima ya kijani na ngombe ya mifupa. Ndiyo tukahama. Hapa hatuna hii majani. Tumechunga isifike."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia nilipofika.

"Ningekuambia nini? Umeleta zawadi mbele ya watu. Mama ya bibi harusi amekutuma. Nikuambie umeniletea ugonjwa?"

Maneno ya yule mchungaji yote yalinirudia, kwa mpangilio, na sauti yake.

Moto

Tuliokota kwa mikono, mimi, Kambale, Rehema na wanawake wawili, tukipiga magoti kwenye vumbi. Mbegu haziokoteki zote. Hajati akaamua majani yachomwe ndani ya shimo karibu na zizi, kidogo kidogo, upepo ukiwa umetulia. Kila mtu akapewa tawi bichi na mahali pa kusimama. Mimi nikawekwa upande wa malisho. Nadhani alitaka kunionyesha kwamba bado ananiamini.

Moto ulikuwa mdogo. Majani yale yana mafuta, yalilia yakiungua, na harufu ya ndimu ikapanda. Simu yangu ikaita. Alikuwa Mwajuma.

"Haya, niambie," alisema. "Walisema nini juu ya majani? Waliyasifu?"

Niligeuka ili moshi usinifikie. Nilikuwa natafuta jibu. Nilisema, "Walisema wanayajua," na kabla sijamaliza nikasikia Kambale akipiga kelele. Kishungi cha majani kinachowaka kilikuwa kimeruka juu ya uzio kupitia pale nilipotakiwa kuwa nimetazama.

Majani makavu hayasubiri. Moto ulikwenda kwa sauti, kama kitambaa kinachochanwa. Tuliupiga kwa matawi, kwa magunia, Siraje alileta lori na kumwaga madumu ya maji ya kunywa. Nilimwona Rehema katikati ya moshi, mikono bado ina hina, akipiga chini kwa kanga yake mpya mpaka ikashika moto akaitupa. Ng'ombe walisimama zizini wakitazama chakula chao. Moto ulikoma barabarani, baada ya kumaliza kila kitu.

Hakuna aliyenigombeza. Mwanamke mmoja alinipa maji, nikashindwa kuyanywa.

Baadaye Hajati alitembea peke yake juu ya majivu, akarudi akasimama karibu nami.

"Moto nimeshaiona," alisema. "Majani nzuri ikiungua mara moja inarudi, kama mvua inakuja mapema. Jua ikiendelea, mizizi itakufa. Hiyo ingine mizizi yake na mbegu yake inaweza kungoja. Na sasa umeifungulia nafasi. Mimi sililii ile imeungua. Nauliza ni nini itarudi."

Kesho yake ng'ombe wengine walihamishiwa kwa jamaa, wengine wakabaki wakitegemea maganda ya ndizi ambayo Yusufu aliyakusanya kwa lori badala ya kubeba mizigo ya watu. Rehema ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka kuyashusha. Niliposhika gunia nimsaidie alilivuta polepole.

"Mama mkubwa, kaa tu," aliniambia. "Wakikuona unafanya kazi wanaogopa."

Sijui kama alitaka kunichekesha. Sikucheka, naye hakucheka.

Kurudi

Sina mengi ya kusimulia kuhusu kurudi. Basi halikuharibika. Tulipopita kile kilima nilitazama upande mwingine wa barabara. Mwajuma alinipokea kituoni akiwa ameshasikia nusu kutoka kwa Rehema. Nusu ya simu, pale nilipokuwa nimesimama na kwa nini niligeuka, nilimwambia mimi. Kisha akasema, "Kumbe nilikupigia saa ile," na tangu hapo amekuwa akijilaumu, jambo linaloniumiza kuliko kama angenilaumu mimi.

Mvua ilichelewa sana huko kwao. Iliponyesha, Rehema alinipigia asubuhi mapema.

"Mama mkubwa, malisho yameota. Kijani kote, mpaka barabarani."

"Ni majani gani?"

"Bado mafupi, yote yanafanana. Ng'ombe wamerudishwa jana, wanakula vizuri."

"Si basi ni mazuri?"

"Hajati anasema hata mutete ikiwa changa wanakula. Mpaka ikomae, ndipo watakapoikataa."

Nikamwambia achume jani moja alifikiche, anuse. Nilimsikia akitembea, akiinama, akivuta pumzi.

"Linanuka moshi," alisema. "Kila kitu hapa kinanuka moshi."

Jana nilimpigia tena. Ng'ombe bado wanakula.